Mlisimamisha Kazi, Hamkusimamisha Saa

Barua ya wazi kwa wizara zenye dhamana ya watoto, mahakama, idara za uhamiaji na balozi zinazotoa viza kwa watoto wanaoasiliwa

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mama mdogo wa mtoto. Nyumbani kwetu Tanga neno hilo halihitaji maelezo. Dada yangu alipofariki, Februari 2018, alimwacha binti wa miaka miwili ambaye baba yake alitangulia mbele ya haki kabla hajazaliwa. Hakuna aliyeitisha kikao kuuliza mama wa mtoto sasa ni nani. Baada ya arobaini, mama yangu alimtoa mgongoni akanipakatisha, akasema, "Huyu wako. Mimi nakushikia tu mpaka mambo yako yakae sawa."

Mambo yangu yalikuwa Marekani, ninakoishi na mume wangu na kufanya kazi ya kuhudumia wazee. Sheria ya uhamiaji ya huko haimjui mama mdogo. Raia anaweza kumwombea viza mwenza wake, mtoto wake, mzazi wake, hata kaka au dada kwa foleni ya miaka mingi, lakini mtoto wa dada hana mlango wake. Kwa yatima kama wetu njia ilikuwa moja: aasiliwe mahakamani, kisha aombewe viza kama mtoto wetu. Ikabidi niombe ruhusa ya kuwa mama wa mtoto ambaye tayari alikuwa ananiita mama. Hilo silinung'unikii. Sheria inayomlinda mtoto asichukuliwe na kila mwenye tiketi ya ndege ni sheria njema, na nitalirudia jambo hili mbele.

Ninyi mnaijua safari hii, ila wengi wanaosoma barua hii pamoja nanyi hawaijui, kwa hiyo niieleze. Kila karatasi ina uhai wake. Taarifa ya afisa kuhusu nyumba yetu, yaani vyumba, mishahara, afya, ndoa na majirani wanavyotusema, ilitakiwa isizidi miezi 6 siku inapowasilishwa. Alama za vidole zinaishi miezi 15. Vipimo vya afya vya mtoto kwa kawaida vinaishi miezi 6, na viza haiwezi kuishi kuliko vipimo hivyo. Katikati kuna kesi mahakamani, cheti kipya cha kuzaliwa, pasipoti, mahojiano. Mzazi anayeasili mtoto wa nchi nyingine kazi yake kubwa ni moja: kuhakikisha karatasi zote ziko hai kwa wakati mmoja.

Sisi tulizipanga. Taarifa ya nyumba ilikamilika Agosti 2019. Vidole tulichukuliwa Septemba. Kesi ilipangwa kusikilizwa Aprili 2020, na tiketi yangu ilikuwa ya tarehe 3 mwezi huo. Nilishanunua viatu vyekundu vya kamba, saizi 27, kwa sababu mama alipima unyayo wake kwa uzi akanitumia picha ya uzi umenyooshwa kwenye rula.

Yaliyofuata mnayakumbuka. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura tarehe 30 Januari 2020, na tarehe 11 Machi likasema sasa ni janga la dunia. Tarehe 18 Machi Marekani ilifunga vituo vya kuchukulia alama za vidole, vikafunguliwa tena kidogo kidogo kuanzia 4 Juni. Tarehe 20 Machi balozi zake kote duniani zilisimamisha huduma za kawaida za viza. Kenya ilizuia ndege za abiria kutoka nje tarehe 25 Machi hadi 1 Agosti. Uwanja wa Entebbe haukufunguliwa hadi 1 Oktoba. Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa mwezi Aprili, ikaziruhusu tena tarehe 18 Mei. Mahakama za Kenya zilipunguza shughuli tangu katikati ya Machi, na kwingineko mashauri yakawa yanaahirishwa kwa simu, au kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Sigombani nanyi kwa kufunga. Nilikuwa ndani ya nyumba ya wazee miezi hiyo. Nimewafumba macho watu ambao watoto wao walikuwa wamesimama nje ya dirisha, kwenye baridi, wakipunga mkono. Kwa hiyo asije mtu akanieleza kwamba sikuelewa uzito wa ugonjwa. Niliuelewa kwa mikono yangu.

Ninachogomba nacho ni hiki: mlisimamisha kazi, lakini hamkusimamisha saa. Ofisi ilipofungwa, karatasi iliyokuwa mezani iliendelea kuzeeka. Afisa hakuja kazini, hakimu hakuketi, ndege haikuruka, kituo cha vidole kilikuwa na kufuli, na siku zote hizo zilihesabiwa kana kwamba ni mzazi ndiye aliyelala.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali hiyo inamkanya mzazi mzembe. Sikuwahi kufikiri nitaisikia ikimhusu mtu aliyewahi kila foleni, aliyesaini kila ukurasa, ambaye kuchelewa kwake kumeandikwa na mkono wa mwingine.

Niwape mfano wa nyumba yangu. Sitataja ofisi yoyote, wala sitamtaja mtu, kwa kuwa sitafuti wa kuadhibiwa. Kesi ya Aprili iliahirishwa mara tatu. Mume wangu alikuwa mpishi hotelini. Hoteli ilipofunga akapoteza kazi, na kwa kuwa kipato cha nyumba kilibadilika, taarifa ya Agosti ilitakiwa kuandikwa upya. Aliyetakiwa kuja kutukagua hakuruhusiwa kuingia majumbani mwa watu. Amri ya kuasili ilitoka Januari 2021. Vidole vyetu vilikuwa vimekufa Desemba. Mwezi mmoja tu! Mwezi mmoja, baada ya karibu miezi mitatu ambayo hata kituo cha kuvichukulia hakikuwa wazi.

Tulikwenda wote wawili Tanga kwa ajili ya amri hiyo. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Alipotuona akajificha nyuma ya bibi yake, akashika kanga kwa nguvu. Mama akambembeleza, wapi. Nikasema tu, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimpigia kila Jumapili, "Mama, umekula?" Akachungulia. Akanitazama usoni, akatazama mkono wangu kama anatafuta simu, akasema, "Kumbe una miguu."

Viatu vyekundu havikumwingia.

Baada ya wiki tatu ilibidi turudi, kwa sababu kazi yangu ndiyo iliyobaki kutulisha na ndiyo iliyoandikwa kwenye taarifa mpya. Mahojiano ya viza yalikuwa yamepangwa Machi, kwa hiyo kabla ya kuondoka tulimpeleka Dar es Salaam kwa vipimo, kilomita 350 kwa basi, akatolewa damu, akapigwa picha ya kifua, akapata cheti safi. Mahojiano yakaahirishwa. Vipimo vya Februari vikafa Agosti. Nafasi ya mahojiano ikatoka Septemba. Mama yangu, mwenye miaka 71 na miguu inayovimba, akapanda basi tena na mjukuu wake, akatolewa damu tena. Njiani mtoto alimuuliza, "Bibi, kwani mimi naumwa nini?" Mama hakuwa na jibu, akamnunulia muhogo wa kukaanga pale Segera. Mimi pia sina jibu. Mtoto mzima wa afya ametobolewa mara mbili kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa kwenye fomu.

Katika mlolongo huo wote nilikutana na afisa ustawi wa jamii mmoja ambaye alikuwa akinipigia kwa simu yake mwenyewe, kwa vocha ya mfukoni mwake, kunieleza kesi imefikia wapi. Mara nyingi alichokuwa nacho ni "bado, dada, lakini faili lako nimelishika." Hajui ni mara ngapi nilipata usingizi usiku kwa sababu ya sentensi hiyo. Mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu alitufaa kuliko matangazo yote ya tovuti niliyoyasoma.

Mtaniambia sheria ni sheria, tarehe haiwezi kusogezwa. Naomba tukumbushane. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilifanyika 2021, na dunia nzima ikakubali iendelee kuitwa Tokyo 2020. Soka la wanaume kwenye Olimpiki lina kikomo cha miaka 23, isipokuwa wachezaji watatu. Michezo ilipoahirishwa, waliozaliwa 1997 wangekosa nafasi kwa kosa ambalo si lao, na wakuu wa soka waliliona hilo mapema. Ndani ya wiki chache, Aprili 2020, walikubaliana kwamba waliozaliwa 1997 wataruhusiwa, hata kama watakuwa wamevuka kikomo. Ulikuwa uamuzi wa haki, na ninaupongeza kwa moyo mweupe. Basi ikiwa umri wa mshambuliaji unaweza kusimamishwa mwaka mzima ili asikose mechi, uhai wa alama za vidole unashindikanaje kusimamishwa ili yatima asikose nyumba?

Hata uhamiaji wa Marekani ulionyesha kwamba inawezekana. Walioandikiwa barua za kudaiwa nyaraka tangu 1 Machi 2020 waliongezewa siku 60 za kujibu. Na zuio la wahamiaji la Aprili mwaka huo halikuwagusa watoto waliokuwa wakija kwa viza za kuasiliwa. Walikuwa huru kuingia. Niliposoma hilo nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Nilichelewa kuelewa kwamba ruhusa ya kuingia haimsaidii mtoto ambaye karatasi zake zinakufa moja baada ya nyingine kabla hajafika uwanja wa ndege. Idadi ya watoto walioingia Marekani kwa kuasiliwa kutoka nchi nyingine ilikuwa 2,971 katika mwaka wa fedha wa 2019. Mwaka uliofuata ikawa 1,622. Idadi hiyo ilikuwa ikishuka tangu zamani kwa sababu nyingi, lakini kushuka namna hiyo kwa mwaka mmoja hakukuletwa na sababu za zamani.

Mimi ni katika wenye bahati. Binti yetu alifika Novemba 2021. Kuna waliosubiri kuliko sisi, na mwisho wao unanifanya nisiweze kunyamaza.

Mwanzoni mwa 2020 China ilisitisha kuwaruhusu watoto wake kwenda kwa wazazi wa nchi za nje. Ilikuwa hatua ya muda, kwa ajili ya ugonjwa. Mamia ya familia za Marekani zilikuwa zimeshapangiwa watoto: wana picha, wana jina, wengine wameshatuma nguo na albamu ili mtoto azizoee sura zao. Wengi wa watoto hao walikuwa na ulemavu au maradhi yanayohitaji matibabu ya muda mrefu. Mwaka ukapita, miwili, mitatu. Kuanzia Oktoba 2022 hadi Septemba 2023 zilitolewa viza 16 tu, kwa waliokuwa wameshapewa kibali cha kusafiri kabla ya janga. Kisha tarehe 5 Septemba 2024 msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, Mao Ning, akathibitisha kwamba mpango umefungwa moja kwa moja. Waliobakizwa ni ndugu wa damu wa karibu na wazazi wa kambo. Tangu 1992 zaidi ya watoto 82,000 wa China walikuwa wamepata wazazi Marekani kwa njia hiyo.

China ina haki ya kuamua watoto wake walelewe wapi. Sera kama hiyo taifa lolote linaweza kuiweka, na nyingi zimeiweka. Kenya nayo iliwafungia wageni kuasili watoto wake, mwaka 2014 na tena 2019, kwa hofu ya biashara ya watoto. Lakini kufunga mlango kwa wanaokuja kesho ni jambo moja, na kumwacha mtoto kizingitini kwa karibu miaka mitano kisha kumfungia ni jambo lingine. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 alipoonyeshwa picha ya mama yake mtarajiwa alikuwa na karibu 11 alipofikiwa na habari kwamba mama huyo haji. Ni nani aliyemwambia? Alimwambia kwa maneno gani? Mimi ningekuwa kati ya waliobakizwa, kwa kuwa ni ndugu wa damu. Sijisikii nafuu hata kidogo. Ninajua picha ile imewekwa wapi ndani ya nyumba zao, kwa kuwa nami nilikuwa na ya kwangu mahali pale pale, kwenye mlango wa jokofu.

Sasa nirudi kwenye lile la tahadhari. Kuna wanaotumia shida kama kichaka. Mwaka 2007 kundi la Wafaransa lilikamatwa Abéché, nchini Chad, likitaka kuondoka na watoto 103 kwa madai kwamba ni yatima wa Darfur, Sudan. Wengi wao walikuwa na wazazi, na walikuwa watoto wa Chad yenyewe. Baada ya tetemeko la Haiti, Januari 2010, Wamarekani kumi walikamatwa wakijaribu kuvusha mpaka watoto 33, nao wengi walikuwa na wazazi hai. Kwa hiyo anayedai kwamba wakati wa janga taratibu zilegezwe ili watoto "waokolewe" haraka, mimi simo upande wake. Janga likianza, maombi mapya yasimame. Mtoto aliyepotezana na wazazi wake wiki iliyopita atafutiwe wazazi wake, asitafutiwe wapya. Mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto, kifungu cha 24, umeweka kuasiliwa nje ya nchi kuwa njia ya mwisho, na mahali pake ni hapo.

Ila mtoto ambaye uchunguzi wake umekwisha, ambaye kila aliyetakiwa kuulizwa ameulizwa, ambaye jaji au kamishna ameshaweka saini, huyo si ombi jipya. Huyo yuko njiani. Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi, ambao Kenya, Rwanda na Burundi zimo, unasema katika kifungu cha 35 kwamba mamlaka zifanye kazi zake kwa haraka. Haukuandika "isipokuwa wakati wa ugonjwa".

Ninachoomba, basi, hakihitaji majengo wala bajeti kubwa. Andikeni sasa, katika kanuni, wakati ofisi ziko wazi na akili zimetulia, kwamba siku dharura ya afya inapofunga ofisi, uhai wa kila karatasi ya mtoto aliyekwisha kupangiwa wazazi unasimama siku hiyo hiyo, na unaanza kuhesabiwa tena siku ofisi inapofunguliwa. Umri wake usomwe kama ulivyokuwa siku ombi lilipopokelewa, kwa kuwa kuna mataifa ambako kijana akitimiza miaka 16 mlango unafungwa, na siku ya kuzaliwa haisubiri karantini. Kesi za namna hii zisikilizwe kwa video. Mahakama zetu za Afrika Mashariki zimeshajifunza kufanya hivyo, msirudi nyuma. Na kila familia ipewe mtu. Mtu mwenye jina, kama yule dada wa vocha.

Jingine ni kwa wanaosimamia makao ya watoto. Binti yangu alikuwa na bibi aliyeshika simu kila Jumapili. Mtoto wa makao hana bibi. Ikiwa safari imezuiwa, mruhusuni aone uso wa anayemsubiri na asikie sauti yake, afisa akiwa pembeni kama mnaona ni lazima. Wengi wenye makao hukataa kwa kuogopa kwamba mtoto ataumia mpango ukivunjika. Hofu yao naiheshimu. Lakini nimeona kwa macho yangu sauti inavyofanya kazi. Bila zile Jumapili, Januari 2021 mimi ningekuwa mgeni aliyekuja kumng'oa kwenye kanga ya bibi yake.

Msidhani ninaongea mambo yaliyopita. Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 si dharura tena tarehe 5 Mei 2023. Miezi miwili tu kabla ya hapo Marburg ilikuwa imeingia Kagera kwa mara ya kwanza, na ikarudi mkoani humo, Biharamulo, Januari 2025, mwezi ule ule Ebola ilipotangazwa Kampala. Agosti 2024 homa ya nyani ilitangazwa dharura ya kimataifa, kitovu chake kikiwa Kongo. Mei 2025 nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha makubaliano ya dunia kuhusu majanga ya magonjwa, zikazungumza chanjo, dawa na vimelea. Yote ya lazima. Watoto walio njiani bado wanategemea kukumbukwa na ninyi.

Binti yetu sasa ana miaka 10. Anazungumza Kiingereza kuliko mimi, na kila Jumapili ni yeye anayempigia bibi. Mwaka jana tulikwenda Tanga, mama akatoa chini ya kitanda kopo la biskuti lililofungwa kwa mtandio. Ndani alikuwa ametunza vyeti vyote vya vipimo: vya Februari na vya Septemba, barua za kuahirishwa, tiketi za basi, na ule uzi. Hakuwahi kuambiwa vipi vilikufa na vipi vilikuwa hai, akavitunza vyote sawasawa, visije vikahitajika tena.

Ninaomba nijibiwe kwa maandishi: ni lini kanuni hiyo itaandikwa, na ni ofisi gani itaiandika. Jibu hilo nitalisoma mbele ya mama, kisha nitamwambia kwamba lile kopo anaweza kulifungua akaweka biskuti.

Wenu katika kulea,

Mama mdogo, wa Tanga